Vidonge, pumzi na rozari: nishike kipi?

Dada mshauri, habari za kazi.

Mimi ni mwanamume wa miaka 43, nina mke na watoto watatu, tunaishi Kigamboni. Kazi yangu ni stoo, kwenye duka la jumla la vifaa vya ujenzi Kariakoo. Pombe sinywi, sigara sivuti. Kahawa nakunywa, hiyo sikatai, maana kijiwe cha kahawa kiko mlangoni kwetu.

Mwaka jana asubuhi moja nilikuwa kwenye pantoni, tumebanana kama kawaida, tumeshaondoka gatini. Ghafla moyo ukaanza kunienda mbio. Vidole vikaingia ganzi, midomo ikawa inachomachoma, kifua kikabana, jasho likanitoka mpaka shati likalowa. Nikajua leo ndiyo basi. Kaka yangu mkubwa alikuwa amefariki kwa moyo miezi michache kabla, alianguka kazini. Mama mmoja aliyekuwa anakwenda Feri kuchukua samaki akaipindua ndoo yake tupu akanikalisha juu yake. Ule upande mwingine sikumbuki nilishukaje.

Hospitali walinipima presha, sukari, damu, umeme wa moyo, hadi eko, ile picha ya moyo. Wakasema moyo wako mzima. Nikafurahi, lakini haikupita muda ikanirudia. Mara kwenye lifti, mara kanisani katikati ya misa, siku hizi nakaa benchi la mwisho karibu na mlango. Mwisho daktari akanipeleka kliniki ya afya ya akili. Yale maneno kuyaona kwenye kadi yangu yaliniuma, lakini nilikwenda. Nikaandikiwa vidonge vya sertralini, dawa ya wasiwasi. Mwanzoni tumbo lilinisumbua, baadaye likatulia, na kweli ile hali imepungua sana. Shida ni kwamba na mambo ya chumbani nayo yamepungua. Wewe ni mtu mzima, umenielewa.

Sasa tangu Pasaka mwenzangu wa kazini, dada mmoja wa mapokezi, alinipeleka kwenye mazoezi ya Jumamosi pale Coco Beach. Tunanyoosha viungo, tunavuta pumzi polepole, mwisho tunalala chali kwenye mikeka kimya. Wanaita yoga. Nilikwenda nikicheka, nikarudi nimenyamaza. Nikitoka pale nakuwa mwepesi, na usiku wa Jumamosi nalala fofofo. Kijana anayetufundisha anasema mwili unajiponya wenyewe, dawa zinauziba tu usiseme. Nikawaza, kama pumzi inatosha, vidonge vya nini?

Mke wangu aliviona vidonge kwenye begi langu, akapeleka jina duka la dawa, akaambiwa ni vya wagonjwa wa akili. Alilia siku nzima. Yeye ni mtu wa Karismatiki, anataka niache vyote niende kwenye maombezi, na kila usiku anasali rozari kwa ajili yangu. Yoga ndiyo hataki hata kuisikia. Kwenye jumuiya kuna mtu alimwambia ile ni ibada ya Kihindu, inafungulia mapepo mlango. Mama mkwe naye ameshaingia.

Pantoni sipandi tena. Nazunguka na daladala kupitia Daraja la Nyerere, nauli inaongezeka na nachelewa. Nyumbani nasema foleni ya pantoni imezidi.

Naomba unisaidie. Niache dawa niendelee na mazoezi? Niache mazoezi ili nyumba itulie? Au nimfuate mke wangu kwenye maombezi? Sitaki kuwa mtu wa vidonge maisha yangu yote.

Mbio za Moyo, Kigamboni

*

Kaka yangu, pole kwa mwaka mzito.

Nikikusoma naona umesimama katikati ya watu watatu: daktari na vidonge vyake, kijana wa Coco Beach na pumzi zake, mkeo na rozari yake. Unaona ni lazima umfuate mmoja na kuwaudhi wawili. Mimi sina hakika kama hao watatu wanagombea kitu kimoja, kwa hiyo kabla ya kuchagua tuangalie kwanza kila mmoja anagusa nini.

Turudi kwenye ile asubuhi. Mwili wako ulijiandaa kwa hatari ambayo haikuwepo. Adrenalini ikamwagika kwenye damu, moyo ukaongeza kasi, na wewe bila kujua ukaanza kuhema kwa haraka na kwa juu juu. Mtu akihema hivyo hutoa hewa ya kaboni dioksidi nyingi kuliko inayotakiwa, na ikipungua kwenye damu ndipo vidole huingia ganzi, midomo huchomachoma, kichwa huwa chepesi. Wewe ukayasoma yale kama kifo, hofu ikapanda, pumzi ikazidi kukimbia. Ganzi uliyoisikia ilikuwa ya kweli kabisa, hukuitunga. Kwa hiyo anayesema tatizo lako liko kichwani tu na anayesema liko mwilini tu, mimi naona kila mmoja ameshika nusu.

Ndiyo maana pumzi inakusaidia, na hapo hakuna uchawi. Jioni moja ukiwa umetulia, weka vidole kwenye mapigo ya kifundo cha mkono. Vuta pumzi taratibu, halafu itoe taratibu zaidi. Watu wengi huhisi mapigo yakiharakisha kidogo wakati wa kuvuta na kulegea wakati wa kutoa. Kazi hiyo inafanywa na mshipa mrefu wa fahamu unaoitwa vagasi, unaoshuka kutoka kwenye ubongo hadi kwenye moyo na tumbo. Pumzi ndefu ya kutoa huupa nafasi. Moyo huwezi kuuamrisha upunguze mwendo ukakusikia, lakini pumzi inaamrika, na moyo huifuata.

Hospitali zilianza kulichukulia jambo hili kwa uzito zamani kidogo. Mwaka 1979, Jon Kabat-Zinn alianzisha programu, ambayo sasa ni ya wiki 8, kwenye chuo cha udaktari huko Worcester, Massachusetts, yenye utulivu wa kukaa na pumzi, kuupitia mwili kiungo kwa kiungo, na yoga nyepesi. Watu walipelekwa kwake na madaktari wao, wengi wakiwa na maumivu yasiyoisha. Mwishoni mwa 2022 ukatoka utafiti wa Marekani wa watu wazima 276 wenye magonjwa ya wasiwasi. Nusu walipewa programu hiyo, nusu wakapewa esitalopramu, dawa ya ukoo mmoja na yako. Baada ya wiki 8 makundi yote mawili yalikuwa yamepata nafuu inayokaribiana.

Najua kijana wa Coco Beach akiusikia utafiti huo atapiga makofi. Lakini usome vizuri. Wale watu walihudhuria darasa kila wiki kwa saa mbili na nusu, na nyumbani walitakiwa kufanya dakika 45 kila siku. Wewe una Jumamosi moja. Tena haukuwa utafiti wa kuwaachisha dawa watu waliokwisha kuzizoea. Kama kuna siku utapenda kwenda bila vidonge, utafiti huu unakupa sababu ya kulizungumza na daktari wako, haukupi sababu ya kuvitupa kesho.

Na kuvitupa kesho kuna hatari yake. Sertralini ikikatwa ghafla, watu wengi hupata kizunguzungu, hasira za karibu, usingizi mbovu wenye ndoto nyingi, na kama shoti za umeme zinazopita kichwani. Utadhani ugonjwa umerudi, kumbe ni mwili umeshtuka. Kawaida madaktari hupenda mtu aendelee miezi 6 hadi 12 baada ya kupata nafuu, kisha dozi ipunguzwe kidogo kidogo. Kwa wengi, basi, vidonge hivi si vya maisha yote. Ulimuuliza daktari vitachukua muda gani? Kwenye barua sijaliona swali hilo, na nahisi hofu ya "maisha yangu yote" umeibeba peke yako bila mtu kukuthibitishia.

Halafu lile la chumbani. Umeligusa ukaliacha, nami nadhani lina uzito kuliko ulivyoandika. Ni athari inayojulikana ya dawa za ukoo huu, na daktari ameshaisikia kwa wengi. Anaweza kupunguza dozi, kubadili dawa, au kukuambia msubiri kidogo. Kila njia ina gharama yake: dozi ikishuka wasiwasi unaweza kupanda, dawa mpya ina wiki zake za kuzoeleka. Ila asipoambiwa hawezi kuchagua chochote. Jiulize pia kwa siri yako: hamu ya kuacha dawa inatoka kwenye nguvu ya pumzi, au inatoka hapa? Majibu yote mawili ni halali, lakini hayakupeleki njia moja.

Sasa niulize jambo kuhusu mazoezi yenyewe. Unajisikia mwepesi ufukweni, asubuhi, penye upepo, katikati ya watu wapole. Vema sana. Na pantoni? Bado unazunguka daraja. Nimeona watu wakiitumia pumzi kama fimbo ya kuifukuza hofu: moyo ukipiga kidogo tu wanaanza kuhesabu, moja, mbili, tatu, huku wanajipima kama imeondoka. Haijaondoka, wanaogopa zaidi. Njia hizi hufanya kazi vizuri zaidi mtu asipozigeuza vita.

Kuna mfano wa karibu na kwetu. Shirika la Afya Duniani lilitengeneza kozi ya vikao vitano vya kusikiliza sauti zilizorekodiwa, vikundi vya watu hadi 30, ikajaribiwa kwa wanawake karibu 700, wakimbizi wa Sudan Kusini, kambi ya Rhino kule kaskazini mwa Uganda. Matokeo yakachapishwa mwaka 2020: waliopata kozi walipungukiwa na msongo kuliko waliopata huduma ya kawaida, na nafuu hiyo ilikuwepo hata miezi mitatu baadaye. Wanawake waliopoteza nyumba na ndugu hawakufundishwa kufuta huzuni. Walifundishwa kuitambua ilipo, kukanyaga chini kwa miguu yote miwili, kutazama kilicho mbele yao, na kuendelea na kile wanachokithamini hata kama huzuni bado ipo.

Kwa upande wako hilo lingeweza kuwa pantoni, taratibu. Siku moja unafika gatini unarudi. Siku nyingine unapanda saa ambayo watu wachache, mtu unayemwamini pembeni, hofu ikija unaiacha ije na kushuka yenyewe. Kwa kawaida hupanda, hufika kilele ndani ya dakika chache, kisha huteremka, hata usipofanya lolote. Mtu wa kliniki anaweza kukupangia hatua hizo. Ukienda haraka mno unaweza kujitisha upya, na ukiendelea kuzunguka daraja, kila safari inauambia mwili wako kwamba kweli pantoni lilikuwa hatari. Wewe ndiye unayejua mwendo unaouweza. Na zile kahawa, kaka, nimeziona: kama ni vikombe vingi kabla ya saa nne, jaribu kupunguza uone moyo unasemaje.

Nije kwa kaka yako. Kwenye barua ndefu namna hii umempa sentensi moja na nusu. Alianguka kazini kwa moyo, na miezi michache baadaye moyo wako nao ukaanza kukimbia. Umeshapata mtu wa kuzungumza naye habari zake? Simaanishi msibani, pale watu huwa wengi na chakula huwa kingi. Namaanisha baada ya watu kutawanyika. Kulala chali kwenye mkeka kimya kunaweza kumleta karibu sana, na kuna watu ambao utulivu huwazidishia hofu badala ya kuiondoa, hasa kama kuna kifo ambacho hakijaliliwa. Ikikutokea, fumbua macho, kaa, sikiliza sauti za nje, na mwambie mwalimu huwezi leo. Mwalimu mzuri hatakulazimisha. Anayesema dawa zinaziba mwili, mimi ningemuuliza kwa upole amesomea wapi habari za dawa.

Na kwa kuwa ndugu yako wa damu alikwenda kwa moyo, hata kama vipimo vyako vilikuwa safi, usizibe masikio. Maumivu ya kifua yanayokuja ukipanda ngazi au ukibeba mzigo na kuacha ukipumzika, yanayopanda shingoni au kushuka mkononi, au ukizimia, nenda hospitali hapohapo bila kuhesabu pumzi yoyote. Vilevile yakikujia mawazo kwamba heri usiwepo, tarehe ya kliniki usiisubiri.

Sasa nyumbani. Mkeo hajazusha: yoga ilizaliwa India ndani ya dini, na yako madarasa ambayo bado yana nyimbo na sala zake. Yako mengine ambayo ni kunyoosha viungo na pumzi tu. Ulipo wewe ni wapi? Muulize mwalimu yale maneno anayotamka yana maana gani, kisha mpelekee paroko wako majibu hayo kama yalivyo, maana hilo ni swali la imani na mimi si mtu wa kulijibu. Ukiona darasa linakugharimu amani kuliko linavyokupa, mwili haukosi mlango mwingine. Daktari wa Chicago, Edmund Jacobson, aliandika tangu 1929 jinsi ya kukaza misuli kundi moja baada ya jingine, ngumi, mabega, uso, miguu, na kuiachia polepole, na hakuna dini ndani yake. Kutembea kwa haraka jioni ufukweni kwenu huko huko Kigamboni nako kunahesabika.

Na kuna hili linaloweza kukuchekesha. Desemba 2001 jarida la kitabibu la Uingereza, BMJ, lilichapisha kazi ya Luciano Bernardi wa Pavia, Italia, na wenzake. Waliwapima watu 23 wenye afya wakisali rozari kwa Kilatini, na wakati mwingine wakikariri maneno ya yoga. Kote kuwili pumzi ziliteremka hadi karibu 6 kwa dakika, wakati mtu mzima aliyetulia kwa kawaida huwa kwenye 12 hadi 20, na mapigo ya moyo yakafuata mwendo huo. Kiongozi anasali nusu, wengine wanaitikia nusu, na katikati mtu anavuta pumzi. Bila shaka jumuiya nyingine hukimbiza Salamu Maria utadhani daladala linawasubiri nje, hapo usitegemee kitu. Simwambii mkeo kwamba rozari ni mazoezi ya pumzi, atakasirika na atakuwa na haki. Nakuuliza wewe tu: anaposali kwa ajili yako kila usiku, wewe huwa uko wapi?

Maana mimi nikikaa upande wake naona mambo mengine. Mume amepoa kitandani. Jumamosi anatoka na dada wa mapokezi. Kwenye begi kuna vidonge ambavyo hakuambiwa. Asubuhi anasema foleni ya pantoni, na majirani waliopanda pantoni hilohilo hawakuiona foleni. Huenda ubishi wa mapepo ni wa dhati kabisa, na huenda pia ni mahali pekee alipopata pa kuishikia hofu yake. Huwezi kujua mpaka umwambie ile ya ndoo, ya kaka yako, na ya chumbani kwamba ni dawa na si mtu. Ukimwambia, yawezekana atampigia mama yake simu kabla hujamaliza. Yawezekana pia atataka kuja kliniki kumuuliza daktari maswali yake mwenyewe, na madaktari wengi hupenda hivyo. Maombezi, kama moyo wako unayataka, yanaweza kwenda pamoja na vidonge. Muulize tu anayekuombea mapema kama atakutaka uviache, ujue unaingia wapi.

Tarehe ya kliniki ijayo mkeo anaijua? Kama hajui, unaweza kuanzia hapo, leo jioni, watoto wakishalala.